Kumeza dawa haiko kukosa imani

Huku Bukavu, toka Kadutu mpaka Panzi, ile maneno iko ya zamani: eti mukristo mwenye imani hamezake dawa, akimeza ni kusema hana imani na Mungu. Hapana, Biblia yenyewe haisemi vile. Mfalme Hezekia aliomba na kulia, Mungu akamuongezea miaka 15, lakini bado Isaya akasema walete mkate wa tini waweke kwa jipu yake, njo akapona (2 Wafalme 20). Paulo naye, mwenye kuombea wagonjwa wakapona, alimuambia Timoteo atumie divai kidogo juu ya tumbo (1 Timoteo 5:23), na Luka mwenye alitembea naye alikuwa munganga.

Na hata hapa kwetu, Denis Mukwege mwenye alianzisha hospitali ya Panzi mu 1999 ni dokta na ni pasta pia, sasa nani atamuambia hana imani?

Shida kubwa iko kwa tansio, ile ugonjwa ya damu kupanda. Haiumi, mutu anajisikia muzima kabisa, anaacha vidonge kisha maombi ya usiku, kumbe damu inapanda polepole mpaka mishipa ya kichwa inapasuka. Omba, funga, lakini uulize dokta kwanza kama unaweza kufunga na dawa zako.