Fremu za Rangi Kwenye Picha: Hapana, Mashine Haikuzila

"Kaka, mashine yako imekula fremu zangu." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyefungua bahasha palepale kaunta ya duka langu la kuprinti picha na kupanga picha za mahafali ya bintiye. Kwenye simu, kila picha ilikuwa na ukingo mwekundu pande zote nne. Kwenye karatasi wekundu ulibaki kushoto na kulia tu, kushoto mnene, kulia kama uzi. Juu na chini hamna kitu, na ncha ya kofia ya binti imekatwa. Mama aliumia, nami niliumia, maana dakika mbili kabla ya kuprinti zingeokoa kazi yote.

Watu wanaamini kwamba fremu ikikaa sawa kwenye kioo cha simu, itakaa sawa kwenye karatasi. Si kweli, na hii ndiyo dhana inayoniharibia siku kuliko zote.

Chukua kanga. Fremu ni pindo, picha ni mji. Doti ikikatwa vibaya, pindo moja hunenepa na jingine hukonda, hata kama kiwandani lilichapwa vizuri. Karatasi nayo ina mkasi wake. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, tuseme pikseli (vinukta vinavyounda picha) 4000 kwa 3000. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Maumbo haya mawili hayalingani, kwa hiyo ili picha ijaze karatasi lazima kitu kikatwe. Ukiongeza ukingo wa pikseli 60 kila upande, picha inakuwa 4120 kwa 3120, na karatasi inachukua urefu wa kama 2747 tu. Pikseli zaidi ya 180 zinaondoka juu, na nyingine kama hizo chini. Ukingo wako wa 60 umekwenda, tena umeondoka na sehemu ya picha yenyewe. Hapo ndipo kofia ya binti ilipokwenda.

Ubavuni je? Pikseli 60 kati ya 4120, kwenye inchi 6, ni milimita 2 na kidogo. Tunapoprinti bila ukingo mweupe, mashine huikuza picha kidogo ipite mwisho wa karatasi, na karatasi ikisogea hata milimita moja, upande mmoja unakonda na wa pili unanenepa. Ukingo mwembamba hauna pa kujificha.

Tafadhali, anza na karatasi, si na fremu. Kwa 4 kwa 6, kata picha iwe pikseli 1620 kwa 1020, halafu ongeza 90 kila upande. Jumla ni 1800 kwa 1200, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Ukingo huo una zaidi ya milimita 7. Ukipunguzwa 2, jicho halitaona. Na hifadhi nakala isiyo na fremu. Ukishahifadhi faili la JPEG, lile la kawaida la picha, fremu na picha ni kitu kimoja, siwezi kuibandua.

Mengine ninayoambiwa ni mafupi. "Fremu inapunguza ubora wa picha." Haipunguzi, ikiwa umepanua turubai, yaani eneo zima la kuchorea, kwa nje, pikseli za picha hazijaguswa. Kinachopunguza ni kuihifadhi JPEG upya mara kwa mara, na kunitumia WhatsApp kama picha ya kawaida. Nitumie kama dokumenti.

"GIMP ni mbovu, inanipa ukingo wenye rangi tofauti kila upande." Programu hii ya kuhariri picha haina ubovu. Kichujio chake cha kuongeza ukingo hupauza na kukoza pande kwa makusudi ili ukingo uonekane umeinuka. Kuna namba ya tofauti ya rangi kwenye kisanduku hicho; weka 0, pande zote zitalingana. Na ukichagua picha nzima kwenye Photoshop kisha ukaagiza mstari uchorwe nje ya eneo ulilochagua, hutaona kitu, kwa sababu nje ya picha nzima hakuna turubai. Uchore ndani, au panua turubai kwanza.

"Rangi yoyote kali inapendeza." Hapa nina msimamo. Kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka kimefifia kwenye karatasi, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na wino hautoi. Isitoshe, rangi ya pembeni hubadilisha jinsi jicho linavyoona katikati: weupe huifanya picha ionekane yenye giza zaidi, weusi huifanya ing'are. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili kitabuni mwaka 1839, akitokea kwenye kazi ya kutia rangi nyuzi za mazulia ya ukutani. Mimi husema chukua rangi kutoka ndani ya picha, sehemu iliyo kwenye kivuli, si iliyopigwa na jua.

Yule mama, kwa bahati, alikuwa na picha zake asilia kwenye simu. Tulizikata upya pamoja, tukachukua rangi kwenye mkunjo wa joho la binti, damu ya mzee iliyokolea, tukaweka 90 kila upande. Kofia ilirudi nzima.