“Samaki Mkunje Angali Mbichi”: Methali Inayowafungia Wazee Mlango wa Darasa

Wiki iliyopita kijana mmoja alimleta mama yake darasani kwetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Alimkalisha kwenye benchi, akanivuta pembeni na kuninong'oneza: “Mwalimu, mwache tu akae hapa asiwe mpweke nyumbani. Kusoma hawezi tena. Samaki mkunje angali mbichi.” Mama yake alisikia. Nilimwona akiikunja polepole ile karatasi niliyompa, akaichomeka kwenye mshipi wa gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wetu, kama mtu anayeficha kitu cha aibu.

Nimefundisha watu wazima kwa miaka kumi na tisa. Methali hiyo nimeisikia kwa watoto, kwa wakwe, kwa wenyeviti wa LC (baraza la mtaa), hata kwa muuguzi aliyekuja kutupimia presha. Imenifika shingoni, na sitaki tena kuijibu kwa kutabasamu.

Kwanza, methali yenyewe ni ya malezi. Inamwambia mzazi amwongoze mtoto mapema kabla tabia haijakauka. Haikutungwa kumpima mwanamke wa miaka sabini anayetaka kusoma namba za simu yake. Na kama tunashikilia samaki, basi twende na samaki hadi jikoni. Mpishi yeyote wa Masese anajua kwamba samaki mkavu hatupwi. Analowekwa, anapewa muda, anaingia kwenye mchuzi wa karanga, na kuna watu humpenda kuliko yule mbichi. Muda na maji ndivyo wazee wanavyonyimwa.

Ukweli kuhusu ubongo ni huu. Ubongo wa mzee unaendelea kutengeneza miunganisho mipya kila anapojifunza. Kinachopungua ni kasi. Mzee huchukua muda mrefu zaidi kuliko kijana kushika jambo jipya, na kelele au mambo mawili kwa wakati mmoja humvuruga haraka. Lakini msamiati wake ni mpana kuliko wa kijana, na akishashika jambo kwa kulirudia siku mbalimbali, linakaa. Ndiyo maana mimi sifundishi saa tatu mfululizo. Nafundisha dakika arobaini, tunanyoosha miguu, kisha tunarudia ya juzi kabla ya kugusa ya leo. Anayemfundisha mzee kwa mwendo wa mtoto wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani asiseme mzee ameshindwa. Aliyeshindwa ni yeye.

Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas walitoa matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mtoto wa mzee alijue. Waliwachukua watu wa miaka 60 hadi 90. Wengine walifundishwa kupiga picha kwa kamera ya dijitali, wengine kushona mablanketi ya viraka, wengine yote mawili, kwa saa kama kumi na tano kila wiki, miezi mitatu. Kundi lingine lilikutana kwa muda uleule kupiga soga, kucheza na kutembea pamoja bila kufundishwa kitu kipya. Waliojifunza kitu kigumu walipanda zaidi katika kumbukumbu ya matukio. Hao walikuwa wazee, na samaki wao hawakuwa wabichi.

Lakini sihitaji kwenda Texas. Hapa mtaani kuna mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, ambaye watoto wake walisema “kichwa kimechoka”. Hawezi, eti, kujumlisha. Mchana huohuo nilimkuta chini ya mwembe akicheza omweso, mchezo wetu wa bao. Ubao wa omweso una mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Mzee huyo alitazama ubao, akanyamaza kidogo, akachota kete upande wa kushoto na kuanza kuzisambaza, akichota tena, akizunguka tena, mpaka akafika alipokusudia na kuzibeba za mwenzake. Alikuwa amehesabu mzunguko mzima kichwani kabla ya kugusa kete ya kwanza. Siku iliyofuata nilileta ubao darasani. Tulianza kujumlisha kwa kete, tukahamia kwenye penseli wiki ya tatu. Leo yeye ndiye mtunza hesabu wa kikundi chetu cha akiba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni rahisi kulitatua na bado halitatuliwi. Wazee wengi wanaoletwa kwangu kama “wasioweza kusoma tena” hawaoni. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na kitu cha karibu kinakuwa ukungu. Hili linampata kila mtu, msomi na asiyesoma. Msomi ananunua miwani ya kusomea. Asiyesoma hagundui lolote, kwa kuwa hana cha kusoma, mpaka siku anapewa karatasi, anainyoosha mkono mzima, anakunja uso, na mwanawe anasema, “Unaona? Nilikwambia.” Ninayo miwani michache mezani, kuanzia namba moja na nusu hadi tatu na nusu. Mama yule wa wiki iliyopita nilimjaribishia ya mbili na nusu. Alitazama karatasi, akatazama mkono wake, akaanza kuugeuzageuza. Alikuwa anaangalia mistari ya kiganja chake, ambayo hakuwa ameiona vizuri kwa miaka. Kisha akaweka kidole chini ya herufi A na kuniuliza, “Hii ndiyo ile ya mwanzo?” Karatasi ilikuwa bado na mikunjo.

Kama miwani haisaidii, kuna mtoto wa jicho, na hilo ni upasuaji, si darasa. Ndiyo sababu simpokei mzee kabla hajapimwa macho. Watu hunilaumu kwa sharti hilo. Silegezi.

Masikio nayo yana hadithi yake. Uzee huanza kuondoa sauti nyembamba kwanza, na hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na t. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika 6 kila niliposema tisa. Nilidhani hajui namba. Kumbe “sita” na “tisa” zilikuwa zinamfikia zikifanana kabisa! Nilimhamishia benchi la mbele, nikajizoesha kumtazama usoni ninaposema, bila kupaza sauti, maana kupiga kelele hakusafishi herufi. Makosa yalikwisha siku hiyohiyo. Mwingine alikuwa na nta tu masikioni, ikatolewa zahanati.

Na kuna historia ambayo watoto wanaisahau. Mtu wa miaka 75 leo alitakiwa kuanza shule miaka ya 1950. Karo ilikuwepo, na kama pesa ilitosha mtoto mmoja, alikwenda wa kiume. Elimu ya msingi bila karo, UPE, ilikuja 1997, yeye akiwa anaelekea hamsini. Hakukataa shule. Shule ndiyo iliyochelewa kumfikia. Jirani zetu wa Kenya walipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, mwaka uliofuata Kimani Maruge alivaa kaputula ya sare na kuingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Mtu huyo hakuwa na ubongo wa ajabu. Alikuwa na mlango uliofunguliwa.

Hayo ndiyo makubwa. Madai mengine ninayoyasikia nitayapitia kwa haraka.

“Haya ya darasa la wazee ni mambo ya Wazungu.” Vyuo vinavyoitwa vya umri wa tatu, yaani vya wastaafu, vilianza Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, ni kweli. Lakini Makerere ilikuwa imeshaanzisha idara ya kupeleka masomo kwa watu wazima nje ya chuo mwaka 1953, miaka ishirini kabla. Serikali iliendesha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1964, na kisomo chenye manufaa, kile tulichokiita FAL, kilianza 1992. Hata kabla ya hayo yote, vikundi vya munno mukabi vilikuwa vikiwakusanya watu kuzikana na kusaidiana, na ndani yake watu walifundishana. Hatukuazima kitu.

“Akijiunga na kikundi atapata pesa za SAGE.” Hapana, na uongo huu unaleta ugomvi darasani kwangu kila robo mwaka. SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa kila mwezi, ilianza 2010 kwa majaribio, ikipokea watu wa miaka 65 na kuendelea, na Karamoja 60. Ilipoenezwa nchi nzima umri ukawekwa 80, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Kinachotazamwa ni umri kwenye kitambulisho cha taifa. Uanachama wa kikundi chetu hauongezi wala haupunguzi. Kinachochanganya watu ni PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (eneo la utawala, si la kanisa), ambayo inahitaji kweli mtu awe ndani ya kikundi cha parokia, na ambayo imetenga asilimia 10 kwa wazee. Hizo ni njia mbili tofauti. Anayekuomba elfu ishirini ili “akuandikishe SAGE” kupitia kikundi ni mwizi, mpeleke kwa mwenyekiti.

“Ana wajukuu, hahitaji watu wengine.” Nyumba yenye watoto sita ina kelele, si lazima iwe na mazungumzo. Jajja, yaani bibi, anayelea wajukuu anaongea kutwa nzima: oga, kula, lete maji, umemaliza kazi ya shule? Nani anamuuliza yeye amelalaje? Uchambuzi wa tafiti 148, uliotolewa 2010 na kuhusisha watu zaidi ya laki tatu, ulionyesha kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 50. Rika ni dawa ambayo mjukuu hawezi kuitoa, hata akiwa mtoto mwema kiasi gani.

“Vikundi ni vya wanawake.” Wanaume wanasema hivi, kisha wanakaa nje ya dirisha langu kusikiliza. Ingieni. Tumeweka omweso na redio kwa ajili yenu.

“Simu tunawaachia vijana.” Hapa nakuwa mkali. Mwanachama wetu mmoja alimpa wakala namba yake ya siri amsaidie kutoa pesa alizotumiwa na binti yake. Alifanya hivyo mwaka mzima. Kila mara alipokea pungufu, na hakujua, kwa sababu ujumbe kwenye simu hakuweza kuusoma. Sasa somo la kwanza kwetu, kabla ya irabu, ni namba kumi na jinsi ya kubonyeza namba ya siri huku mkono wa pili umefunika. Tunafanya mazoezi kwa simu ya kitochi iliyokufa betri, kila mtu kwa zamu, mpaka vidole vizoee. Mtu akishaweza kusoma salio lake mwenyewe, hahitaji kuhimizwa tena kuja darasani. Herufi anazifuata mwenyewe.

Bado kuna dhana moja ambayo hata marafiki zetu wanaieneza, tena kwa nia njema: kwamba darasa linatibu ugonjwa wa kusahau. Halitibu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ndio huo ugonjwa wa kusahau, yakiwemo elimu ndogo utotoni, upweke, kutosikia na kutoona vizuri, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa kama mambo hayo yote yangeshughulikiwa. Kuepusha na kuchelewesha si kuponya. Mzee anayesahau alipoweka miwani, kisha akaikumbuka, ni mzee. Mzee anayeshika miwani asijue ni ya nini, anayepotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka thelathini, au anayebadilika tabia ndani ya wiki chache, mpeleke hospitali kwanza. Wakati mwingine ni dawa anazomeza, ni sukari, ni maambukizi, na vinatibika. Ukimleta kwangu badala ya kumpeleka huko, umempotezea muda.

Yule kijana alirudi kumchukua mama yake saa kumi na moja jioni. Alimkuta amebaki kwenye benchi na wenzake wawili, wanabishana kama herufi ya tatu ni C au ni G. Alitaka kumsaidia kusimama. Mama yake alimwambia, “Subiri, baba, hatujamaliza,” na yule kijana akasimama mlangoni na funguo za bodaboda mkononi kwa karibu nusu saa. Wakati wa kuondoka alinijia kuniuliza ile miwani inauzwa wapi.