Je, Wapalestina walihama mwaka 1948 kwa amri ya redio?
Dai hili limerudiwa kwa miaka mingi: kwamba Wapalestina zaidi ya 700,000 waliopoteza makwao mwaka 1948, katika vita vya kuundwa kwa Israel, waliondoka wenyewe, wakiitikia redio za Kiarabu zilizowaambia wayapishe majeshi ya Kiarabu. Mwaka 1961 mwandishi Erskine Childers alipitia kumbukumbu za matangazo hayo zilizowekwa na BBC. Hakukuta amri hiyo. Alikuta raia wakihimizwa wabaki.

Nyaraka za Israel zilipofunguliwa, mwanahistoria Mwisraeli Benny Morris alionyesha sababu nyingi: mashambulizi, hofu iliyosambaa baada ya wapiganaji wa Kiyahudi kuwaua wanakijiji wa Kipalestina huko Deir Yassin Aprili 9, na kufukuzwa waziwazi. Mwezi Julai makumi ya maelfu ya wakazi wa miji ya Lydda na Ramle walitolewa, na amri ilisainiwa na Yitzhak Rabin, ofisa wa jeshi la Israel aliyekuja kuwa waziri mkuu. Watu wa Lydda walitembea kwenye jua kali, na wapo waliofia njiani. Kuwaita hawa wahamaji wa hiari ni kuwadhulumu mara ya pili.

Mji wa Haifa ulikuwa tofauti, na lazima isemwe: meya Myahudi, Shabtai Levy, aliwasihi Waarabu wabaki, viongozi wao wa mji wakachagua kuondoka. Vijiji kadhaa pia viliagizwa na makamanda wa Kiarabu viwahamishe wanawake na watoto. Amri ya jumla haikuwepo.

Tena, hata aliyekimbia bila kufukuzwa alikimbia vita, na Israel ilimzuia kurudi, ingawa azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1948, lilitaka wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na majirani waruhusiwe.