Anatomia na fiziolojia: kiungo kiko wapi, na kinafanya nini

Anatomia ni elimu ya umbo la mwili: kiungo kiko wapi, kimeumbwa kwa nini, kimepakana na nini. Fiziolojia ni elimu ya kazi: kiungo hicho kinafanya nini, kwa njia gani, na kinajuaje wakati wa kuzidisha na wakati wa kupunguza. Majina yote mawili yana asili ya Kiyunani. La kwanza lina neno la kukata ndani yake, kwa kuwa watu waliujua mwili kwa kuupasua. La pili lina neno la maumbile. Vyuo vingi huzisomesha pamoja, na ndivyo inavyofaa, kwani ukizitenganisha unabaki na majina yasiyo na maana upande mmoja, na kazi zisizo na mahali upande wa pili.

Binti wa dada yangu ameanza kusomea uuguzi. Alipokuja likizo hapa kwetu Langoni, Lamu, alikuja na daftari zima la majina. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na sehemu kubwa alikuwa ameshaihifadhi. Vyumba vinne vya moyo, vali nne (ile milango ya damu), yote anayo kichwani. Nikamwuliza: ukuta wa moyo upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa nini?

"Mama mdogo, hilo sikuliandika," akanijibu.

Hapo nikajua ni wapi pa kuanzia. Asubuhi yake nilikwenda buchani nikanunua moyo wa mbuzi, nikamsihi muuzaji asiikate fupi ile mishipa ya juu. Moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wetu, vali zilezile, kuta zilezile, na bei yake haimshindi mwanafunzi. Tukaketi uani na sinia, kisu kikali na kikombe cha kahawa.

Kabla ya kukata, nilimwambia aushike tu na kuubonyeza. Upande mmoja unabonyea kama mfuko, upande wa pili unakataa kidole. Ule unaokataa ni ventrikali, yaani chumba cha chini, ya kushoto. Ya kulia inasukuma damu mpaka mapafuni tu, na mapafu yako jirani. Ya kushoto inasukuma damu mpaka utosini na mpaka vidole vya miguu. Safari ndefu inataka msukumo mkubwa, na msukumo mkubwa unataka nyama nene. Swali la jana likajibiwa na kidole gumba. Unene ni anatomia, msukumo ni fiziolojia, na hakuna namna ya kulieleza moja bila ya jingine.

Kisha tukamimina maji. Ateri kubwa inayotoka ventrikali ya kushoto inaitwa aota, na mwanzoni mwake pana vali yenye vijifuko vitatu vyembamba kama utando wa yai. Tukaisimamisha aota wima, akamimina maji kwa kikombe taratibu, kutoka juu kwenda chini, yaani kinyume na njia ya damu. Vijifuko vikajaa, vikafura, vikakutana katikati, na maji yakasimama. Hakuna aliyevifunga. Havina msuli wala neva ya kuviamuru; ni maji yenyewe yanayotaka kurudi ndiyo yanayouziba mlango. Maji yalipungua kidogo kidogo, nikamwonyesha ni kwa nini: juu kidogo tu ya vali pana vitundu viwili, na hivyo ndivyo vinywa vya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mishipa hiyo ikiziba ndipo mtu hupata shambulio la moyo.

Niliikawia vali hiyo kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeiona ikifunga hahitaji kukariri kwamba damu hupita upande mmoja.

Sasa neno juu ya lugha, kwa sababu nusu ya ugumu wa somo hili uko hapo. Kiswahili cha kila siku hukusanya mahali ambapo anatomia hutenganisha. Tukisema mkono tunamaanisha kuanzia begani mpaka ncha za vidole. Tukisema mguu, kuanzia pajani mpaka unyayoni. Tukisema mshipa, tunaweza kuwa tunasema ateri, ambayo hutoa damu moyoni. Au vena, ambayo huirudisha. Au neva, ambayo haibebi damu kabisa bali hubeba taarifa. Au kano, inayofunga msuli kwenye mfupa. Na ukisikia mzee fulani "ana mshipa", huenda ni ngiri inayosemwa. Kwa hiyo kila unapokutana na neno mshipa katika masomo yako, jiulize ni upi katika hiyo.

Lakini usidhani kwamba lugha yetu ni maskini. Waulize wazee wa nyumbani uone. Mfupa unaokaa kati ya bega na shingo ni mtulinga. Kati ya kiwiko na kiganja ni kigasha. Mbele ya mguu, chini ya goti, ni muundi. Kuna kongosho, kuna bandama, kuna kinena. Mwanafunzi anayeyajua haya tayari ana kigingi cha kufungia jina la kigeni atakalopewa darasani. Na siku atakapokuwa wodini, ndiyo majina atakayoyasikia. Bibi atamwambia kwamba mato yanamuuma na kitwa kinamgonga, naye hatatafuta mkalimani wa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Mgonjwa atamwambia chembe cha moyo kinamchoma. Chembe cha moyo si moyo. Ni pale kidari kinapokwisha na tumbo linapoanza, na nyuma yake kuna tumbo la chakula. Mara nyingi ni kiungulia. Ila maumivu ya moyo wenyewe nayo huweza kusikika papo hapo, kwa hiyo muuguzi mwema hatalipuuza neno hilo wala hatalipokea bila kuuliza zaidi.

Jambo la pande nalo huwachanganya wengi, na kwetu pwani lina njia yake. Chomboni, omo (mbele) ni omo na tezi (nyuma) ni tezi, hata ukisimama gatini ukitazama kutoka upande gani. Pande ni za chombo, si za mtazamaji. Mwili ni hivyohivyo. Anatomia humchukua mtu kuwa amesimama wima, uso mbele, mikono ubavuni, viganja vimeelekezwa mbele, na kila upande ni wa mtu huyo. Ini liko kulia kwake, na ukimkabili litakuwa upande wa mkono wako wa kushoto. (Neno tezi utakutana nalo tena, kwa maana ya viungo vinavyotengeneza homoni, mate au jasho, ni neno jingine linaloandikwa sawa.)

Mpangilio wa mwili haunihitaji nikawie: seli hukusanyika zikawa tishu, tishu zikawa ogani, yaani viungo, ogani zikawa mfumo, na vitabu vingi huhesabu mifumo 11. Tishu ni aina nne tu: ya kufunika, ya kuunganisha, ya msuli na ya neva. Ukizijua nne hizo, ogani mpya haikutishi tena, maana ni mchanganyiko wa hizohizo.

Dhana inayostahili siku nyingi ni homeostasisi. Neno lilitungwa na Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, katika miaka ya 1920, akiendeleza wazo la Mfaransa Claude Bernard kwamba seli zetu huishi katika mazingira ya ndani ambayo mwili huyalinda yasibadilike ovyo. Kwa maneno mepesi: nje kunageuka, ndani kunashikiliwa.

Itazame mwezi wa Ramadhani. Mtu amekula daku, sukari ikapanda katika damu. Kongosho likatoa insulini, na sukari ikaingia kwenye seli na ghalani mwa ini. Inapofika alasiri hajatia kitu mdomoni, na sukari inataka kushuka. Kongosho lilelile linatoa homoni nyingine, glukagoni, na ini linafungua ghala lake. Kwa mtu mwenye afya sukari haianguki, ingawa njaa anaihisi. Kwa upande wa maji, ubongo unatambua kwamba damu inakolea, unaletea figo homoni ya kuzuia maji, na ndiyo sababu mkojo wa jioni ni mchache na rangi yake imekoza. Kiu ni sehemu ya mpango huohuo. Kinachopotoka ndicho kinachoamsha nguvu ya kukirudisha, na nguvu hiyo hupoa kikisharudi. Kwa istilahi, huo ni mrejesho hasi, na hasi hapa si ubaya. Ni kwamba hatua inapinga badiliko. Mgonjwa wa kisukari amevunjikiwa na kiungo kimoja cha mnyororo huu, ndiyo maana hufaa amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Au uitazame wakati wa kaskazi, msimu wetu wa joto. Ndani ya mwili joto linashikiliwa karibu na nyuzi 37. Jasho linatoka, lakini jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Hewa yetu ikiwa imejaa unyevu na upepo umelala, jasho linatiririka bila kukauka, na mtu anapoteza maji bila kupata ubaridi.

Namna ya kusoma, basi. Chora. Funga kitabu, chora moyo kwa kukumbuka, kisha fungua usahihishe kwa wino wa rangi nyingine. Kusoma mara kumi kwa macho hakufikii kuchora mara tatu. Rudia kesho, na baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Tumia mwili wako: shika mpigo chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Tuseme umepata 70. Kila pigo la mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70. Zidisha: mililita 4,900, karibu lita tano, nayo ni karibu damu yote aliyo nayo. Kwa saa moja ni kama madumu 15 ya lita 20.

Hesabu ya namna hii ndiyo aliyoifanya Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha 1628. Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale, alikuwa amefundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na viungo huimaliza. Harvey akaona hakuna chakula cha kutengeneza damu nyingi kiasi hicho. Lazima ni ileile inayozunguka. Na karne ya 13, kabla yake sana, Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Kairo, alikwishasema kwamba ukuta wa katikati ya ventrikali hauna matundu kama Galen alivyodai, na kwamba damu hutoka kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni.

Nilipomsimulia binti hilo, aliuchukua ule moyo akaubana ukuta huo kati ya vidole viwili, akaumulika na jua. Hamna tundu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mtoto aliye tumboni je? Mapafu yake hayana hewa. Damu yake hupita wapi?"

Nikampa kisu afungue chumba cha juu cha kulia. Katika ukuta uliopo kati ya vyumba viwili vya juu kuna tundu wakati wa mimba, nalo huanza kuzibwa pumzi za kwanza zikishaingia. Akapapasa ukuta ule kwa kidole chake kidogo, polepole, mpaka kikaingia katika kibonde laini kama alama ya dole kwenye unga, mahali palipokuwa na mlango.