Walatino wenye MS na mazoezi ya kwenye simu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sisi tunaofanya kazi za kea, za kuhudumia wagonjwa majumbani, huku Marekani tunaingia sana nyumba za Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, na ukikuta mgonjwa wa MS humo utasikia maneno kuhusu mazoezi mpaka uchoke, mengine ya mgonjwa mwenyewe, mengine ya mama mkwe, na mengine bwana yanatoka kwa watu wenye vyeti ukutani. Naandika yale yanayonikera zaidi.

Kwa asiyejua, MS ni maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili inakosea inaanza kula lile ganda linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, so ujumbe unakwama njiani, mguu unakuwa mzito, balansi inapotea, macho yanafifia, halafu kuna uchovu ambao hata ulale masaa kumi unaamka nao.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu"

Hili ndo baba lao. Utafiti uliotoka 2023 ulikadiria kwamba Marekani, katika kila watu wazima 100,000, wenye MS ni kama 375 kwa Wazungu, 298 kwa watu weusi, na 161 kwa Walatino. Wachache kuliko wenzao, sawa, ila nchi ina Walatino zaidi ya milioni 60, kwa hiyo wagonjwa bado ni wengi. Na Mlatino mara nyingi anaanza kuumwa akiwa mdogo kuliko Mzungu, na shida ya kutembea inaweza kumkuta mapema. (Na sisi weusi tusikae tukishangilia, ile 298 mmeiona.)

Ubaya wa hii dhana ni kwamba programu nyingi za mazoezi ya MS zilijaribiwa kwa wanawake wa Kizungu wanaoongea Kiingereza, alafu Mlatino asipojiunga unasikia ooh hawa watu hawapendi mazoezi. Nani alimwalika?

"Akifanya mazoezi ugonjwa utaamka"

Hapa nitakaa kidogo maana hofu yenyewe haikutoka hewani. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa wake wa MS wakijichosha macho yanafifia. Baadae ikajulikana tatizo ni joto, mwili ukipanda joto hata kidogo sana ile neva iliyovuliwa ganda inashindwa kupitisha ujumbe vizuri. Kabla ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, kuna madaktari walikuwa wanamwingiza mtu kwenye maji ya moto waone kama dalili zitatokea, ndo kipimo hicho! Basi kwa miaka mingi wagonjwa wakaambiwa kaeni, pumzikeni, msijitumikishe.

Ila dalili za joto zinaondoka mwili ukipoa, ganda la neva haliliwi zaidi kwa sababu umepiga skwati. Mwaka 1996 watafiti wa Utah wakawafanyisha wagonjwa mazoezi ya aerobiki, yale ya kuongeza mapigo ya moyo, wiki 15, wakatoka na nguvu zaidi. Mwaka 2014 watu wakakusanya tafiti 26 pamoja, wakakuta waliofanya mazoezi waliorudiwa na ugonjwa ni asilimia 4.6, na wasiofanya 6.3. Yaani hata hiyo hofu ya kuamsha ugonjwa haina pa kusimama.

Sasa nenda kamwambie bibi wa Kimeksiko. Mjukuu akiinuka tu kwenye kochi anasikia "descansa, mija", pumzika mwanangu, na chakula kinaletwa hapo hapo. Ni upendo, siubezi, kwetu pia mgonjwa hashiki ufagio. Tena wako wazee wanaoamini ugonjwa uliingia kwa susto, mshtuko mkubwa uliomtikisa mtu roho, na mtu wa hivyo kwao anahitaji utulivu, sio kurukaruka. Huyo bibi usipomweleza yeye kwanza, programu yako imekufa siku ya pili.

"Ya kwenye simu ni ya kujidanganya"

Watu wanafikiri ni kutumiwa video ya YouTube basi. Programu ya maana inakuwa na kocha anayekupigia kwa video, anakuona unavyokaa na kusimama kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, mikono umekunja kifuani, anakwambia goti la kushoto linaingia ndani hebu shusha spidi. Kuna mpira wa kuvuta, kuna kifaa cha kuhesabu hatua, feni inapuliza, maji ya barafu pembeni, na sinki la jikoni liko karibu la kushika balansi ikigoma. Kuna jaribio kubwa Marekani, STEP for MS, lililopangwa wiki 16, mara mbili kwa wiki, kulinganisha wanaofanyia mazoezi nyumbani na wanaofanyia jimu, kwa hiyo wataalamu wenyewe hawaichukulii kama mchezo.

Na kwa mtu asiye na gari, anayefanya kazi shifti mbili, au mguu unaoburuta kwenye jua la Texas la saa nane mchana, jimu ya mbali ni ndoto tu.

"Weka maneno ya Kihispania, imeisha hiyo"

Haijaisha. Kwanza Walatino wengi wadogo waliozaliwa Marekani wanataka Kiingereza, ni mama zao wanaotaka Kihispania, kwa hiyo unahitaji vyote viwili ndani ya nyumba moja. Pili, wapo ambao intaneti yao ni simu tu, laptopu hakuna, so ukiwapa mfumo wenye paswedi tatu umewapoteza. Kituo cha utafiti cha Pew walikuta 2023 zaidi ya nusu ya Walatino watu wazima wanatumia WhatsApp, wafuate huko huko. Tatu, acha familia iingie kwenye kamera. Chuo kikuu cha Illinois pale Chicago kuna programu inaitwa BAILAMOS, ya wazee wa Kilatino, wanacheza merengue, bachata, chachacha na salsa, na hayo ni mazoezi kamili. Haikutengenezwa kwa ajili ya MS lakini mimi ningeiba wazo bila aibu, mume ashike mkono huku mke anahesabu hatua.

"Hatembei, atafanya mazoezi gani?"

Mapendekezo ya 2020 ya wataalamu wa MS Marekani yanasema dakika 150 kwa wiki, zinazofikiwa polepole, lakini hayakuwasahau walio kwenye wilchea wala wa kitandani, kuna ya mikono, ya kiwiliwili, mpaka ya kupumua. Cha kuangalia ni dalili. Ganzi au ukungu wa macho uliokuja na joto ukaondoka baada ya kupoa, endelea taratibu kesho yake asubuhi kukiwa na ubaridi. Dalili mpya iliyokaa zaidi ya masaa 24, simamisha mazoezi upige simu kwa daktari wa neva, usimngoje kocha wa Jumatatu.