Bakteria wasio na madhara kama chanjo ya kumeza: maswali na majibu

Chanjo za sindano zipo. Kwa nini watu wanahangaika na ya kumeza?

Kwa sababu vijidudu vya magonjwa ya tumbo haviingii kupitia mkono unaochomwa sindano. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na virusi vya rota (vinavyoharisha watoto) vyote humezwa, na sehemu ya mwili inayokutana navyo kwanza ni utando wenye ute uliotanda ndani ya utumbo. Sindano hujaza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui, kwenye damu, lakini mara nyingi utando huo hubaki na ulinzi mdogo. Chanjo ya kumeza huweka askari mlangoni kwenyewe.

Utumbo unajilinda vipi?

Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna makundi ya seli za kinga yanayoitwa mabaka ya Peyer. Juu yake zimekaa seli M, ambazo hunyakua chembechembe za vitu vinavyopita na kuzikabidhi kwa seli za kinga zilizo chini. Zikimtambua adui, mwili hutengeneza kingamwili aina ya IgA na kuzimwaga kwenye ute, ambako humnasa kijidudu kabla hajajishikiza.

Hapo kwenye kujishikiza ndipo penye vita. Bakteria wa kipindupindu kwa kawaida hata haingii kwenye damu. Hung'ang'ania juu ya utando, hutoa sumu, na sumu hiyo huzifanya seli zimwage maji na chumvi bila kukoma. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Ukimzuia asishike, umeuzuia ugonjwa.

Bakteria asiye na madhara anafanya kazi gani hapo?

Ni mbebaji. Protini ya chanjo ikimezwa peke yake, asidi ya tumbo na vimeng'enya huisaga kama chakula. Kwa hiyo watafiti huchukua jeni moja (maelekezo ya kutengeneza protini) ya kijidudu cha ugonjwa, kwa mfano ile ya protini ya ganda la virusi vya rota, na kuipandikiza ndani ya bakteria tuliyemzoea. Anayetumika sana ni Lactococcus lactis, anayetumika kutengeneza jibini. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi panya waliolishwa Lactococcus aliyebeba kipande kisichodhuru cha sumu ya pepopunda walivyopata kinga dhidi ya sumu yenyewe.

Mwingine ni Bacillus subtilis. Huyu mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda na kuwa spora, ambayo huvumilia joto, ukavu na asidi. Watafiti huibandika protini ya chanjo juu ya ganda hilo. Binafsi huyu ndiye anayenipa matumaini zaidi, maana chanjo isiyodai jokofu ingefika mahali ambapo nyingi za sasa hufika kwa shida.

Je, chanjo hizi zimeshaanza kutumika?

Tutenganishe mambo mawili. Zipo chanjo hai za kumeza zilizotokana na kijidudu chenyewe cha ugonjwa, kikadhoofishwa. Ya homa ya matumbo, iitwayo Ty21a, imetumika kwa miaka mingi, na ya kipindupindu ya dozi moja iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Lakini zile zinazobebwa na bakteria wa vyakula bado ziko kwenye utafiti.

Kinachozichelewesha ni nini?

Kwanza, utumbo umezoea kuvumilia. Usingevumilia, kila mlo ungewasha vita. Bakteria aliyezoeleka mno anaweza kupuuzwa pamoja na mzigo wake, ndiyo maana majaribio mengi huhitaji dozi kubwa za kurudiarudia.

Pili, ni kiumbe hai aliyebadilishwa jeni, na hutoka na kinyesi. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha njia mwaka 2003: waliondoa jeni ambayo Lactococcus anaihitaji ili kuunda DNA yake, hivyo akikosa kirutubisho maalumu hufa.

La tatu linauma zaidi. Chanjo za kumeza, kama ile ya rota, huleta kinga hafifu kwa watoto wa maeneo maskini, wale wale wanaozihitaji kuliko wote. Hakuna mbebaji atakayestahili kusifiwa kabla hajajaribiwa kwa watoto hao.

Nikinywa maziwa ya mgando au vidonge vya bakteria rafiki, nimechanjwa?

Hapana. Bakteria asiyebeba alama ya adui hawezi kuufundisha mwili kumtambua adui huyo. Mtoto apelekwe kupata matone ya rota kwa wakati. Mtindi haushiki nafasi yake.

Nikipewa chanjo hai ya kumeza, nizingatie nini?

Kapsuli ya Ty21a, ambayo mtengenezaji wake mkuu aliacha kuizalisha mwaka 2024, pale inapopatikana bado imezwe nzima bila kutafunwa, kwa maji yasiyo ya moto, saa moja hivi kabla ya kula. Hutolewa kapsuli 3 au 4 kutegemea nchi, kwa kuruka siku moja kati ya kapsuli na kapsuli. Ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki, mwambie mhudumu mapema, maana dawa hiyo inaweza kuwaua bakteria wa chanjo kabla hawajafanya kazi. Mwenye kinga dhaifu au mjamzito aseme pia kabla hajameza chochote.