Darasa la samaki lianzie bwawani, alfajiri

Ukitaka kujua kama mfugaji amefundishwa akafundishika, muulize samaki wake wana uzito gani wiki hii. Akikujibu kwa gramu, huyo amefundishwa. Akikuonyesha kwa kiganja, "wamefika hapa," bado kuna kazi.

Nasema hivi kwa sababu miaka yangu ya mwanzo nilifundisha vibaya. Siku tatu ukumbini, daftari jipya kwa kila mshiriki, picha ya pamoja, kwaheri. Miezi minne baadaye nilimtembelea mmoja wa waliokuwa wakikaa viti vya mbele. Bwawa lake lilikuwa la kijani kizito, samaki wamejaa juu ya maji wakifumbua midomo, naye anaendelea kuwamwagia chakula. "Wamepanda juu, mwalimu, wana njaa." Njaa hawakuwa nayo. Walikuwa wanatafuta hewa.

Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mwani huohuo, samaki, na uozo ulio chini ya bwawa vyote huitumia bila kuirudisha, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hufikiwa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Sato, yaani tilapia, ni mvumilivu, lakini oksijeni ikikaa chini ya miligramu 3 kwa lita alfajiri baada ya alfajiri, hula kidogo, hudumaa na magonjwa humwandama. Chakula alichokiacha huoza, na kuoza nako kunakula oksijeni iliyosalia. Yote haya nilikuwa nimeyaeleza ukumbini, saa nne asubuhi, kwa mchoro mzuri. Yule mfugaji aliuona mchoro. Maji hakuyaona.

Siku hizi darasa langu la kwanza huanza saa kumi na moja alfajiri, ukingoni mwa bwawa. Kila mtu anashika kipima oksijeni na kuandika namba yake mwenyewe. Saa tisa alasiri tunarudi palepale. Bwawa lenye mwani mwingi linaweza kusoma 2 alfajiri na kupita 10 alasiri, na mtu aliyeziandika namba hizo mbili kwa mkono wake hazimtoki. Asiye na kipimo namfundisha kutumia mkono: unyooshe, uuzamishe taratibu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na ukijani ndio uliokificha, mwani umezidi. Acha mbolea, punguza chakula, ingiza maji mapya.

Badiliko la pili ni muda. Kifaranga wa sato huhitaji takriban miezi sita, kutegemea joto la maji, hadi afikie uzito wa kuuzwa. Basi mafunzo nayo yaende miezi sita, tukikutana kila baada ya wiki mbili, ili kila somo lije wakati tatizo lake lipo. Mbinu hii ya shamba darasa si yangu. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliianzisha mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia, na kwa samaki inafaa vilevile.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la mizani. Tunavuta wavu, tunahesabu samaki 50 ndani ya ndoo yenye maji ambayo tumeshaipima, tunaitundika. Tuseme samaki peke yao wana kilo 6: kila mmoja ana wastani wa gramu 120. Ikiwa bwawani wamebaki 1,900, jumla ni kilo 228. Kwa umri huo, asilimia 3 ya uzito kwa siku inatosha, yaani kama kilo 7 za chakula. Niliwahi kufanya hesabu hii na mama mmoja aliyekuwa akimwaga kilo 10 kila siku. Alinyamaza, akairudia hesabu peke yake kwenye ukurasa mwingine, kisha akauliza, "Kwa hiyo kilo tatu kila siku nilikuwa nazilisha matope?" Chakula mara nyingi hula zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji. Kurasa zile mbili za daftari zilimwokolea zaidi ya mkopo wowote ambao angepewa.

Na kwa nini ni yeye aliyekuwapo darasani? Kwa sababu nilikuja kugundua kwamba barua za mwaliko huenda kwa mwenye bwawa, ilhali anayelisha samaki mara nyingi ni mke, kijana wa nyumbani au kibarua. Mwenye bwawa anarudi na cheti, mlishaji anaendelea kama jana. Sasa naandika wazi: aje anayeshika ndoo ya chakula. Na saa za darasa nazipanga kwa kumuuliza yeye.

Lakini hata wafugaji hodari mia moja hawafanyi tasnia, na hapa ndipo mipango mingi ya kanda inapokwama. Mfugaji anaweza kufuata kila kitu na bado akavuna samaki wa saizi ya kidole, kwa sababu aliuziwa vifaranga vilivyochanganyika jike na dume. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Bwawa linajaa watoto, chakula kinagawanywa, wote wanadumaa. Kupata madume watupu ni ufundi: vifaranga hulishwa chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne tangu waanze kula. Kipimo kikikosewa, au wakianza wakubwa mno, majike yanabaki. Mzalishaji mmoja wa vifaranga asiyejua kazi huwaharibia wafugaji wote wanaomtegemea. Ndiyo maana nikiombwa ushauri wa kukuza ufugaji katika kanda, nasema fedha ya kwanza ya mafunzo iende kwa wazalishaji wa vifaranga, ya pili kwa watengenezaji chakula na wasafirishaji, kisha wafugaji. Najua mpangilio huu hauwapendezi wafadhili, maana wazalishaji ni wachache na idadi ya waliofundishwa haipendezi kwenye ripoti.

Mfano ninaourudia ni wa Mymensingh, Bangladesh. Chuo kikuu cha kilimo cha pale kina kitivo cha uvuvi tangu 1967, na taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki ina makao yake hapohapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa ugani uliofadhiliwa na Denmark, ukiwafundisha wafugaji wadogo vijijini. Watafiti, wazalishaji wa vifaranga na wenye mabwawa wakawa majirani, na eneo hilo leo ni miongoni mwa vitovu vikubwa vya ufugaji wa samaki nchini humo. Mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa duniani walizidi waliovuliwa kwa mara ya kwanza, takriban tani milioni 94 kwa 91, na sehemu kubwa mno ya hao ilitoka Asia.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, nachagua wawili watatu ambao daftari zao hazina siku iliyorukwa, nao ndio wanaoongoza mzunguko wa pili huku mimi nikikaa pembeni. Somo lao la kwanza kwa wenzao ni kalenda. Wote waliopanda vifaranga wiki moja watavuna wiki moja, wanunuzi watawashushia bei, na samaki wakishavuliwa hawasubiri. Kwa hiyo, kabla ya kifaranga hata mmoja kuingia majini, kikundi kinakaa na karatasi moja kubwa: bwawa la nani lianze mwezi huu, la nani lisubiri ujao, na wavu wa kuvunia utakuwa kwa nani tarehe ipi.